Apareyi ya Bei ya Ng'ombe

Kalemie, tarehe 18 Januari 1981

Kwa dada yangu mukubwa, Yaya Julienne, huko Kirungu

Jambo sana, Yaya. Barua hii ikukute na nguvu, wewe na shemeji, na zaidi Mama yetu. Magoti yake yanasema nini na baridi ya huko juu? Huku Kalemie tuko wazima. Denise anakusalimia. Tumbo langu nalo linakusalimia. Siku hizi linanitangulia kila nyumba ninayoingia, kwa hiyo heri lisalimie la kwanza.

Yaya, nimeona apareyi ya kupiga foto. Usikunje barua, soma mpaka chini.

Iko na Célestin, yule Mubembe wa Baraka mwenye boti ya kuvua ndagala. Aliipata Bujumbura kwa muzungu mumoja aliyekuwa anarudi kwao. Ni ya Wajapani, nzito kama tofali, haina hata betri moja ndani. Filimu yake ni ile pana inayoviringishwa pamoja na karatasi. Apareyi yangu ya sasa inaandika picha ndogo kwenye filimu, labda kucha mbili za kidole gumba. Hii inaandika picha ya kujaa kiganja cha mutoto. Wewe umezaa, unajua kiganja cha mutoto ni kiasi gani.

Sasa sababu. Unamujua Mama. Miaka yote hii niko mupiga foto, nimepiga maharusi, wakubwa wa serikali, walevi, hata jogoo wa jirani aliyeshinda mapigano. Mama peke yake njo amenishinda. Katikati ya watu anakubali. Akiwa yeye tu, hapana: "Foto ya muntu peke yake njo ile ya kuweka juu ya jeneza. Unanifukuza?" Na Baba alikuwa vile vile, unakumbuka tulivyomuzika. Nilimutoa katika foto ya korali ya kanisa, safu ya nyuma kabisa, nikamukuza, nikamukuza, mpaka uso ukageuka uji. Watu waliokuja kwenye kilio walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?" Nami niko pale, fundi mwenyewe, Studio Kicheko, natazama viatu vyangu.

Siku Mama atakapokwenda, na Mungu aicheleweshe, sitaki waulize hivyo. Mwezi wa saba mutoto wako Anne anaolewa, ukoo wote utakuwa huko. Nikiwa na apareyi hii nitamupiga Mama katikati ya watu kama anavyopenda, na filimu ile pana itanihifadhia uso wake. Siku nitakapouhitaji nitautoa, kila kunjo mahali pake.

Célestin hataki pesa. Anasema pesa yetu inaoza mbele ya ndagala. Anataka ng'ombe, juu ya mahari ya mutoto wake huko Baraka. Na sisi tuna yule jike aliyetuachia Baba, nusu yako, nusu yangu. Siandiki zaidi. Unajua kusoma.

Mudogo wako,
Firmin


Kirungu, tarehe 9 Februari 1981

Mudogo wangu Firmin,

Nakusalimia wewe na Denise na hilo tumbo. Sisi tuko wazima. Maharagi yameota vizuri. Mama ana nguvu. Magoti yanalia kama mulango wa zamani, lakini mudomo hauna ugonjwa.

Barua yako niliisoma, nikafikiri uliandika ukiwa umetoka kunywa. Nikaisoma tena, nikaona hapana, njo akili yako ya kila siku. Ng'ombe wa Baba anatoa maziwa asubuhi na jioni. Hiyo apareyi inatoa nini, na saa ngapi?

Nijibu haya. Filimu yake unanunua duka gani huko Kalemie? Filimu moja inapiga foto ngapi? Na ile uliyo nayo ina kosa gani? Tangu utoto wewe kazi ikikushinda unatafuta chombo kingine. Ulishindwa kuogelea, ukasema ziwa ni bovu. Tukakupeleka mutoni, ukasema muto nao.

Juu ya nini usiketi na Mama, ukamuomba vizuri kama muntu?

Nusu yangu ya ng'ombe ni ya mbele, yenye kula majani. Ya kwako sijui ni ipi.

Yaya wako,
Julienne


Kalemie, tarehe 4 Machi 1981

Yaya mupendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia habari ya mudomo wa Mama, na zaidi ya maharagi. Sisi tuko wazima, isipokuwa umeme. Umeme hapa unakuja kama mugeni wa heshima: unamungoja, unamufagilia, anapita na gari bila kusimama.

Na ziwa lilikuwa bovu kweli. Watu wengi walisema.

Nakujibu bila kuficha. Filimu yake haiko duka lolote la Kalemie. Célestin alikuwa na mbili, nyingine ni za kuagiza Bujumbura. Kila filimu inapiga foto nane, basi. Ukikosea moja, umekula sehemu ya nane ya sadaka. Naona unatikisa kichwa. Ngoja.

Jumapili Célestin aliniruhusu kujaribu filimu moja kati ya hizo mbili, yeye amesimama karibu kama polisi. Apareyi hii hutazami kwa jicho lake lenyewe. Unatazama kwa kidirisha kidogo cha juu, pembeni. Ndani unaona muntu wako, na juu yake muzimu wake wa rangi ya njano, wamepishana. Unazungusha pete mpaka muntu na muzimu wake wanaingiana, wanakuwa mumoja. Hapo unapiga. Nilianza na Denise. Kuona Denise wawili nikaishiwa nguvu, maana hata huyu mumoja sijamuweza.

Kisha usiulize mashini ya kukuza, umeme haukuwepo. Nikailaza ile filimu pana juu ya karatasi ya foto, nikaifunika na kioo, nikawasha taa ya mafuta kidogo, nikazima. Foto ikatoka, Yaya. Bila umeme, bila mashini. Nimekutia moja ndani ya bahasha hii. Ni Célestin juu ya boti yake. Mutazame shati. Yale madoadoa meupe kwenye mukono ni magamba ya samaki, unaweza kuyachagua moja moja.

Kumuomba Mama nimeshamuomba. Mara ya mwisho alinipa ndizi na kuniambia nile ninyamaze.

Mudogo wako,
Firmin


Kirungu, tarehe 2 Mei 1981

Firmin,

Jambo. Tuko wazima, namushukuru Mungu, ingawa mabega yangu utayasikia hapa chini.

Nimekaa kimya juu ya hasira. Ile foto niliiweka jikoni nyuma ya sahani, ili nisiione. Kila nikiosha sahani, Célestin ananitazama. Nikaanza kuyatafuta yale magamba. Shemeji yako naye akayatafuta. Kisha nikaitoa foto ya Baba, ile ya kilio, nikaziweka pamoja. Nimekasirika kwamba una haki.

Ng'ombe amepanda boti ya Célestin jana. Kutoka huku juu mpaka Moba bandarini alitembea kama bibi harusi, adabu tu. Kufika majini akalala. Wanaume wanne walimusukuma, mimi navuta kamba, yeye anatafuna. Célestin anapiga kelele kutoka kwenye boti, "Mama, muambie kwa lugha yake!" Nikamuambia kwa lugha zote ninazozijua, pamoja na ile Baba alikuwa ananikataza. Akainuka wakati alipotaka mwenyewe, akaingia, akamukanyaga Célestin kidole.

Mama aliuliza ng'ombe wa bwana yake anakwenda wapi. Nikasema anakwenda kuolewa Baraka. Akasema, "Na huyu naye hakuniaga." Asubuhi anakunywa chai yake bila maziwa, anaitazama, haniambii neno. Heri angesema.

Ile habari ya kumutoa uso katika kundi, usimuambie. Nami sitamuambia. Sipendi kumufanyia Mama hivyo, lakini foto ya Baba nimeiona tena. Nakuomba kitu kimoja: usiharibu.

Yaya wako,
Julienne


Kalemie, tarehe 29 Mei 1981

Yaya wangu mwenye mabega,

Salamu, na pole. Ng'ombe alifika. Célestin naye alifika, anachechemea. Lakini unafikiri alinipa apareyi? Alimuzunguka ng'ombe, akasema amekonda. Nikamuambia amekuwa siku mbili juu ya maji, hata wewe ungekonda. Akasema mahari haisikii maneno hayo. Akamulisha wiki nzima nyuma ya nyumba yangu, majani yangu, maji anachota Denise, na apareyi amekaa nayo chini ya mukono. Ng'ombe akanenepa, akala na kitambaa cheusi nilichokuwa nafungia dirisha la labo, chumba changu cha giza. Hapo Célestin akaona amepona.

Sasa iko mezani mbele yangu. Naiogopa kidogo. Filimu iliyobaki ni moja, naitunzia Mama. Anne na bwana yake nitawapiga na apareyi ya zamani, usihofu. Kila siku nafanya mazoezi bila filimu: naweka jicho kidirishani, nazungusha pete, muzimu unaingia, nabonyeza. Jirani wanajua mapema kuliko mimi kwamba nimezeeka vibaya.

Célestin amenipa na kifuniko cheusi cha kuziba jicho lake kubwa. Siku ya majaribio alikuwa nacho mufukoni, sikujua hata kama kipo. Kizuri sana, kinashika kabisa. Na vumbi la Kalemie unalijua. Nimeapa: kifuniko hiki hakitatoka ovyo.

Nitakuja na boti ya wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Niandalie sombe, majani ya muhogo yatwangwe vizuri.

Mudogo wako,
Firmin


Kalemie, tarehe 10 Agosti 1981

Yaya,

Salamu kwa wote. Sijui niulize habari gani. Habari za Anne na bwana yake. Harusi ilikuwa nzuri, sombe ilikuwa nzuri, mimi peke yangu ndiye sikuwa muzuri, na siku ile hakuna aliyejua.

Foto za maharusi zimetoka salama, nimezitia humu.

Unakumbuka tulivyokuwa. Niliwapanga ukoo wote mbele ya nyumba kwa saa nzima. Shemeji alikataa kuvua kofia. Nikamuweka Mama katikati kwenye kiti cha Baba. Unakumbuka alivyokaa? Mikono juu ya magoti, kidevu juu, anatazama mbele moja kwa moja. Sijamuona amekaa vile maisha yangu. Nilimuona vizuri sana kidirishani. Mizimu yote ikaingiana. Nikapiga nane, moja moja, navuta pumzi kila mara. Ninyi mukapiga makofi.

Jana usiku umeme ulikuja, nikaisafisha filimu. Ikatoka nyeupe. Haina muntu, haina nyumba, haina kofia ya shemeji. Unaweza kuiweka dirishani badala ya kioo.

Kwanza nikalaumu maji. Kisha dawa. Kisha nikamulaumu Célestin, nikavaa viatu kwenda kwake. Nikakumbuka kutazama kingo za filimu. Namba za kiwanda ziko pale, nyeusi, zimetoka vizuri. Maana yake dawa ni nzima. Kilichokosekana ni mwangaza. Mwangaza haukuingia hata mara moja.

Yaya, ile apareyi yangu ya zamani, ukisahau kifuniko unaona giza, unakitoa, mambo yamekwisha. Hii unatazama pembeni. Ukifunga jicho lake kubwa, wewe bado unaona kila kitu, kizuri, na jua lake. Nilifanya mazoezi miezi miwili na kifuniko juu, nikiogopa vumbi. Mukono ukazoea. Nikawapiga ninyi wote na kifuniko juu.

Ng'ombe wa Baba nimemugeuza hewa. Uso wa Mama niliutaka niutoe katikati yenu siku ya kilio chake; sasa sina Mama, sina katikati. Unaweza kusema lolote, hata ile ya ziwa.

Lakini tafadhali, habari hii usimuambie Mama.

Mudogo wako, kama bado unakubali,
Firmin


Kirungu, tarehe 3 Septemba 1981

Firmin,

Sisi wazima. Nimengoja hasira ishuke. Imeshuka mpaka kifuani, basi naandika.

Barua zako Mama anataka nizisome kwa sauti, nami naruka mistari isiyofaa asikie. Safari hii nilikuwa nimekasirika, nikasoma yote kama ilivyo. Nilipofika penye "usimuambie Mama", alikuwa amekwisha kusikia kila kitu: ng'ombe, kifuniko, na ile ya kilio chake.

Nikaanza kuomba msamaha kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Akanizuia na mukono. Akasema:

"Kile kifuniko nilikiona."

Nikasema, "Namna gani, Mama?"

"Nilikuwa mbele yake, ningekosa kukiona? Ninyi mulikuwa munatazama tumbo lake. Mimi nilitazama apareyi. Nikaona imefumba jicho. Nikasema, huyu mutoto amekua. Ndugu zake wanataka foto, amewafurahisha kwa kubonyeza bonyeza tu, na mimi ameniheshimu. Nikakaa vizuri. Ile ilikuwa mara ya kwanza nakaa mbele ya apareyi bila woga."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka nikamushika asianguke. "Kumbe mujinga tu," akasema. "Mungu amemufumba."

Siku mbili hakugusa neno hilo. Ya tatu, tuko tunachagua maharagi, akauliza kama foto ya Baba ningali nayo. Nikamuletea. Aliishika mbali, akaishika karibu. Akasema, "Huyu si bwana yangu. Huyu ni uji." Akaendelea kuchagua maharagi. Kikapu kilipojaa akasema, na naandika kama alivyosema:

"Muambie Firmin aje. Nitakaa peke yangu, kwenye kiti kile. Aje na ile ile iliyokula ng'ombe, nione inachotoa. Nisione ingine. Na kifuniko nitakishika mimi, mukononi mwangu, nijue jicho liko wazi. Sikai bure mara mbili."

Umesikia. Kuja mapema, mbele hajabadilisha mawazo.

Yaya wako,
Julienne


Kalemie, tarehe 20 Septemba 1981

Yaya,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimeketi, kisha Denise akainyang'anya. Musalimie Mama. Muambie mujinga wake anakuja.

Lakini anakuja na nini? Filimu sina. Nimezunguka muji muzima, toka bandarini mpaka stesheni ya treni. Nimeuliza misioni, nimeuliza Wagiriki wenye maduka, nimeuliza muzungu mumoja aliyepita tu njiani. Wote wananionyesha ile nyembamba. Célestin nimemuagiza filimu Bujumbura. Anasema kwanza lazima apite Baraka, mahari bado wanaizungumza. Wakwe wamesema ng'ombe ana macho ya kiburi.

Nangoja.

Firmin wako


Kalemie, tarehe 22 Oktoba 1981

Yaya,

Salamu kwa Mama. Célestin amerudi, amefurahi, mutoto wake ameoa. Ameniletea filimu sita, amezifunga na plastiki vizuri kabisa zisiingie maji. Zote nyembamba. Nikamuuliza, "Célestin, hii apareyi ilikuwa yako. Ulikuwa unatia nini ndani?" Akasema yeye hajawahi kutia kitu, alikuwa anaivaa shingoni tu siku ya Jumapili.

Amerudi tena kaskazini. Nimemupa karatasi ya filimu yenyewe aionyeshe dukani. Sina neno lingine la kuandika linalofaa kusomwa kwa sauti.

Mudogo wako


Kirungu, tarehe 11 Novemba 1981

Firmin,

Mvua imeanza. Mama anakohoa. Masista wamemupa dawa, kikohozi kimekataa kutoka kifuani. Usiku nalala naye.

Kila asubuhi anaoga, anavaa kile kitenge cha buluu, anakaa nje kwenye kiti cha Baba mpaka jua liwe kali. Jirani wakipita wanamuuliza, "Mama Constance, unangoja nani?" Anajibu, "Nangoja jicho." Wanafikiri ni homa.

Jana nilimuambia, heri Firmin aje na ile ndogo. Akasema ile ndogo njo iliyomupika Baba uji. Hakusema tena.

Kuja na hiyo ndogo tu. Nitamudanganya. Nimekwisha kuzoea.

Julienne


Kalemie, tarehe 19 Novemba 1981

Yaya, kwa haraka, boti inaondoka.

Filimu imefika. Moja. Tarehe yake ya kufa imepita mwaka muzima, na boksi lina alama ya maji. Nimeitia ndani ya soksi niliyovaa, maana siamini mufuko. Boti hii imejaa, kesho napanda ingine. Mushikilie Mama kwenye kiti.

Firmin


Kalemie, tarehe 14 Desemba 1981

Yaya wangu,

Nimefika salama, ziwa lilinitikisa kama lilikuwa limesoma barua zetu. Denise anakushukuru kwa maharagi. Kikohozi kinasema nini? Nilipomuacha alikuwa anasema amepona, lakini unajua anavyosema.

Bahasha hii usiikunje. Foto iko katikati ya makaratasi magumu mawili.

Zimetoka zote nane. Pembeni kuna ukungu kidogo, ni uzee wa filimu. Mimi nami niko hivyo hivyo, na watu bado wananinunua. Nimekuchagulia ya tatu. Ya kwanza ilitikisika, mukono wangu, si wa Mama. Ya pili alikuwa anafungua mudomo kuniambia nikaze mukono. Hii ya tatu ametulia. Tazama kitenge, tazama mishipa ya mikono. Tazama alivyokishika kile kifuniko, kama ameshika kifaranga asitoroke.

Nataka nikuambie kitu ambacho pale sikukisema, mulikuwa munanitazama. Nilipoweka jicho kidirishani niliwaona wawili, Mama na yule mwingine wa njano, amesogea kidogo pembeni. Nikaanza kuzungusha pete. Kwa kawaida ni kazi ya kupepesa jicho. Nikawa nazungusha polepole, polepole, mpaka Mama akauliza kama nimelala.

Kifuniko hakunirudishia, uliona. Nilimuomba pale mulangoni, akanipa ndizi. Sasa apareyi naifunika na kipande cha ndala.

Basi nijibu wewe, maana mimi mahesabu yamenishinda tangu shuleni. Ilifaa bei ya ng'ombe?

Mudogo wako,
Firmin


Kirungu, tarehe 6 Januari 1982

Mudogo wangu,

Heri ya mwaka mupya, wewe na Denise. Sisi tuko. Mama hatoki tena nje, baridi inamukataa. Anakula kidogo, uji na asali.

Foto ilifika haijakunjwa. Nilimupelekea kitandani, nikafungua dirisha apate mwangaza. Akaitazama mpaka nikachoka kusimama. Akasema, "Huyu mama muzee ana hasira."

Nikasema, "Ni wewe, Mama."

"Najua ni mimi. Nimesema ana hasira."

Halafu akapitisha kidole juu ya foto, kwenye paji, kwenye makunjo ya shingo, akafika kwenye mukono, akagonga gonga kile kifuniko. Akasema, "Kiko." Akanituma nilete valizi yake ya nguo ya chini ya kitanda. Akaifunga foto ndani ya kile kitenge cha buluu, na kifuniko juu yake, akafunga valizi yeye mwenyewe. "Isitoke humu mpaka siku ile," akasema. Kisha akaomba chai, akakasirika kwamba haina maziwa. Safari hii alisema kwa sauti. Nimefurahi.

Unaniuliza juu ya ng'ombe. Nimefikiri. Muntu akikaa peke yake, mbele yako, ametulia, hata ile apareyi yako ndogo ingetosha. Ukubwa wa filimu haukufanya kazi yoyote. Kwa hiyo apareyi haifai ng'ombe. Kifuniko labda kinafaa.

Nusu yangu nakusamehe. Maziwa ya Mama utazungumza naye mwenyewe, na usichelewe.

Yaya wako,
Julienne


UJUMBE WA FONI (REDIO), MISIONI YA KIRUNGU KWENDA KALEMIE
Tarehe 2 Machi 1982, asubuhi
Kwa Firmin, Studio Kicheko

Tumetoa foto katika valizi. Kuja. Watu ni wengi, hakuna anayeuliza ni nani.

Yaya